Mbwa wangu wa kuchunga kondoo mazoezini hana shida, tukifika kwenye mashindano ya kuswaga kondoo ananitia aibu. Nakosea wapi wakuu?

MwanafunziWaKondoo:
Wakuu salaam. Nina jike la Border Collie, ana miaka miwili na nusu, nilimuanzisha kwa kondoo akiwa na miezi kumi hivi. Mimi si mtaalamu, hii kitu naifanya wikiendi tu, nina kondoo watano wa mazoezi na kiwanja kimoja cha tambarare. Hapo kiwanjani ukimuona huyu mbwa utatamani nikuuzie. Namtuma kushoto anaenda, kulia anaenda, nikisema lala analala, kondoo anawaleta mpaka miguuni kwangu na zizini wanaingia kama wameitwa kwa majina.

Sasa mashindano. Nimeingia mara tatu, daraja la wanaoanza, na mara zote tatu nimerudi kwenye gari bila kuongea na mtu. Ya juzi ndo imeniuma. Nimesimama kwenye kigingi, pale mwenye mbwa anapotakiwa kusimama, kondoo wanne wameachiwa kule mbele kama mita 250, nikamtuma kulia, akaanza vizuri, anazunguka kwa upana kabisa, moyoni nikasema leo ni leo. Kufika kama theluthi ya njia akageuza shingo akaniangalia, halafu akakata katikati, moja kwa moja kwa kondoo. Nikaanza kupiga kelele kulia! kulia! wapi. Kondoo wakashtuka wakatawanyika, geti la uwanjani walilotakiwa kupita katikati yake wakalipita kwa mbali, mi naita lala, lala, lala we! hakuna kulala, mmoja akachomoka, naye akamkimbiza akamng'ata sufu ya pajani. Jaji akasema "asante". Hiyo asante mnaijua, maana yake chukua mbwa wako utoke.

Mtu mmoja pale kaniambia huyu ana kiburi nimvalishe kola ya umeme. Mwingine kasema niuze nitafute mwenye damu nzuri. Nisaidieni kabla sijafanya la kujutia.

kwato_nne:
Kondoo wanne tu wamekushinda, ungepewa arobaini si ungeita polisi 😂😂

MzeeWaSufu:
Mwanafunzi, pole. Kabla sijasema kitu nijibu matatu. Mazoezini unamtuma umbali gani? Hao kondoo wako watano, ukitembea bila mbwa wanakufuata au wanakukimbia? Na alipogeuka kukuangalia, wewe ulifanya nini?

ChumaChaMoto:
Mi naungana na aliyesema kola. Mbwa akishajua mbali huwezi kumfikia anakudharau, hiyo kitu inamkumbusha kwamba mkono wako ni mrefu. Wa kwangu nilimvalisha wiki mbili akanyooka.

MwanafunziWaKondoo:
Mzee shikamoo. Umbali ni mita 60, labda 70, kiwanja ndo kinaishia hapo. Kondoo... kwa kweli wananifuata, wakisikia ndoo wanakuja wenyewe hata mbwa akiwa amefungwa. Aliponiangalia sikufanya kitu, nilikua nafurahia alivyozunguka kwa upana. Kelele nilianza alipokata.

MzeeWaSufu:
Marahaba. Basi umeshajijibu mwenyewe, mi namalizia tu.

Huyo mbwa anajua dunia inaishia mita 70. Maisha yake yote akikimbia umbali huo kondoo anakuwa ameshawapata. Siku ile amekimbia mita 70, kondoo hawapo, akageuka kukuuliza "bosi, niendelee?" na wewe ukanyamaza. Akafanya alichozoea, akaingia ndani. Kiburi kiko wapi hapo? Na ndo maana mi kola sitaki kuisikia kabisa, ndugu ChumaChaMoto usinichukie, ila ukimpiga shoti mbwa akiwa anawatazama kondoo yeye ataunganisha yale maumivu na kondoo, siyo na kosa lake, kesho ukimtuma hatoki mguuni kwako.

La pili, hao kondoo wako wanajileta. Mbwa anakimbia nyuma yao unadhani anafanya kazi kumbe anasindikiza tu. Wa mashindanoni hawakujui wewe wala ndoo yako, na ndo mchezo wenyewe ulivyo.

Cha kufanya. Usiongeze umbali kwa kumtuma kutoka miguuni. Mlaze, mwache hapo, wewe tembea uelekee kondoo mpaka uwakaribie wao kuliko ulivyo karibu naye, ndo umtume. Ukiwa hapo akianza kukata unamwona na unaweza kuwahi kumzuia. Usimwite majina ya pande, mlaze, mfuate taratibu, simama kwenye ile njia anayotaka kuikata, mtume tena. Akishazoea, kila siku unarudi nyuma hatua kadhaa, mwisho unajikuta umesimama ulipomlaza. Na azima kondoo wa watu, azima na shamba lenye kilima, tambarare inadanganya.

Ukitumia alama za ISDS, chama cha kimataifa cha mbwa wa kondoo, mzunguko wa mbwa kwenda nyuma ya kondoo una pointi 20, kuwaamsha kondoo pale walipo 10, kuwaleta kwako 20, kuwaswaga waende mbali nawe 30, kutenga baadhi yao 10, kuwaingiza zizini 10. Watu wanazikimbilia zile 30 za kuswaga wanasahau kwamba ile 10 ya kuamsha ndo inaamua kondoo wana hali gani. Akiwafikia kwa fujo hata geti ukilipanua mara mbili watalipita pembeni.

MamaNyika:
Mzee kamaliza upande wa mbwa, mimi naomba niseme na mwenye mbwa. Kaka, hizo lala zako ulizihesabu? Mimi mwaka wangu wa kwanza niliweka simu mfukoni inarekodi, nikaingia uwanjani, nikaja kusikiliza usiku. Lala 31, na jumla sikumaliza dakika sita. Sauti ya mwanzo ya mtu mstaarabu, ya mwisho ya mtu anayeibiwa. Mbwa akiisikia hiyo ya mwisho hasikii "lala", anasikia "kuna hatari, fanya haraka", na ndo anang'ata. Filimbi ina faida hiyo, haionyeshi hasira kirahisi. Jifunze filimbi.

Halafu ukiona lala ya pili haijafanya kazi, toka kwenye kigingi uende ukamsimamishe. Ndio, umejitoa, pointi zimekwenda. Ila ukibaki pale unapiga kelele kuokoa pointi ambazo hata hivyo huna, unamfundisha kwamba kwenye mashindano maneno yako hayana kazi. Mbwa wanaijua tofauti haraka sana, wa kwangu alikua akiona viti na watu tu masikio yanaziba.

Na hiyo habari ya damu nzuri achana nayo. Old Hemp aliyezaliwa 1893, ambaye Border Collie karibu wote wa leo wanatokana naye, alisifiwa kwa utulivu. Utulivu huo wako anao, wewe ndo unauvuruga.

kwato_nne:
"Sauti ya mtu anayeibiwa" 😂 mama umeniua. Ila serious, mimi nilikatwa pointi kwa sababu nilimtuma mbwa kushoto huku mwili wangu umegeukia kulia. Mbwa akaamini mwili. Kaangalie na miguu yako.

MwanafunziWaKondoo:
Wakuu mrejesho, wiki ya saba leo. Kola sikununua, mbwa sikuuza. Nimeazima shamba la jamaa, lina mteremko, na kondoo kumi na wawili ambao wakiniona tu wanahama. Siku ya kwanza ilikua vurugu, nikagundua mbwa wangu hajawahi kusukuma kondoo hata siku moja, alisimama mbele ya jike moja zee likampigia mguu chini, akageuka akaniangalia. Safari hii nikamjibu, nikamwambia kwa upole twende, akasogea hatua moja, ya pili, lile zee likageuka. Nilitaka kulia jamani.

Mzunguko sasa tumefika kama mita 180. Kwenye 70 bado anageuza shingo, nampa kulia moja ya chini, anaendelea.

Jumamosi tuliingia tena. Mzunguko safi, kuamsha safi, kuleta walipinda kidogo geti la kwanza. Kuswaga tulihangaika. Tukafika zizini, kondoo watatu ndani, wa nne mguu mmoja ndani, mbwa ametulia kama jiwe, na mimi kwa furaha NIKAACHIA KAMBA YA GETI kumfukuza aingie. Wote wakatoka. Muda ukaisha.

Filimbi nayo imegoma, inatoa mate tu. Nafanyia mazoezi ndani ya gari, mbwa anainamisha kichwa ananishangaa.

MamaNyika:
Hongera! Unapuliza kwa nguvu sana, puliza taratibu kama unapoza kitu cha moto. Na usifanyie mbele yake, kila mlio unaokosea yeye anauchukulia kama neno.

MzeeWaSufu:
Kamba, mwanangu. Kamba huachii hata nyuki akikung'ata.