MREJESHO: Mwandishi wa habari aliyetaka nyaraka za shule yetu
Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama shule yetu ya chata (shule ya umma inayojiendesha chini ya bodi yake), hapa California, inaweza kumnyima mwandishi wa habari mkataba wa mabasi. Haiwezi. Tangu Januari 2020 sheria ya jimbo inazitaja shule hizi waziwazi kuwa zinabanwa na sheria ya nyaraka za umma: ndani ya siku 10 umwambie mwombaji kama utampa au la. Nilikuwa siku ya 8! Bodi ilitaka ajieleze kwanza anautakia nini. Mwanasheria akakataa, sababu si sharti. Tumempa kurasa zote, majina ya watoto wawili kwenye kiambatisho tukiyaziba kwa wino mweusi. Kinachoniuma ni mzazi aliyeomba mkataba huohuo mwezi Machi tukamkalia kimya. Jana nimempelekea nakala yake kwa mkono.