Naomba ushauri: picha za 3D za misuli ya moyo

Habari zenu wakuu. Ninapima moyo kwa ultrasaundi, na sasa nafuatilia akina mama wenye saratani ya matiti wanaotumia doksorubisini, dawa inayoweza kudhoofisha moyo. 2D naiweza, nimekwama kwenye kufuatilia mwendo wa misuli kwa 3D.

Nikichukua pigo moja la moyo, napata picha kama 18 tu kwa sekunde, na programu inapoteza ukuta wa mbele na wa pembeni. Nikiunganisha mapigo manne kasi inapanda, lakini lazima mgonjwa abane pumzi. Wengi wamechoka, wanakohoa, vipande vya picha kutoka kila pigo havikai sawa. Nimepunguza kina na upana wa picha, nimewalaza ubavu wa kushoto. Nafuu ni kidogo mno.

Mama mmoja wiki hii: kufupika kwa misuli moyo unapojikaza, kwa 2D ni asilimia −19, kwa 3D −15 (alama ya kutoa ni ya kufupika; ikikaribia sifuri, misuli inajikaza kidogo zaidi). Kipimo chake cha kwanza kilikuwa cha 2D pekee. Sitaki kumtisha daktari wake bure, wala kumficha jambo.

Je, kwa asiyeweza kubana pumzi, nitumie pigo moja lenye kasi ndogo au niache 3D kabisa? Na hiyo −15 inalinganishika na 2D ya mwanzo?