MREJESHO: Dar hadi Moshi nikisaka vikopo vya GPS njiani

Wadau, ni yule niliyeuliza kama naweza kwenda nyumbani Moshi huku tunasaka geokashe njiani (vile vikopo watu wanavificha sehemu, wanaweka mahali vilipo mtandaoni, wewe unavitafuta kwa GPS) ili watoto wasichoke. Inawezekana, ila msijidanganye mtafika mapema.

Tulitoka Dar saa 11 alfajiri, Segera machungwa tu. Mombo tukachepuka tukapanda hadi maporomoko ya Soni, na hapo GPS inakuzungusha wee, inakwambia umefika kumbe kitu kiko mita kadhaa pembeni, kitinda mimba wangu ndo akakiona chini ya mawe, kikopo cha plastiki, ndani kakaratasi ka kusaini na vikorokoro. Sheria ukichukua kitu unaacha cha thamani ileile, yeye kachukua gololi kaacha kibanio cha nywele, sijui kaipimaje hiyo thamani. Shemeji akasema huu utoto, nikamwambia mchezo upo tangu 2000, Marekani walipoacha kuivuruga makusudi GPS ya raia.

Karibu na Same, patupu. Nimezunguka kichaka nusu saa na simu mkononi hadi jamaa wa bodaboda akasimama, "bosi umepoteza nini?" Nikasema funguo, maana kumweleza natafuta kopo lililofichwa na mtu nisiyemjua, aah. Si akaanza kunisaidia kuzitafuta! Nikampa ya soda.

Moshi tumeingia saa 3 usiku, bimkubwa kanuna, mtori umepoa. Aliyeshauri nipakue ramani kabla ya safari, ubarikiwe, upareni mtandao ulikuwa unakatakata.