Naomba ushauri: mdogo wangu ana tatizo la haiba, kila tiba anaiacha njiani

Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu wa kike, miaka 24, daktari amesema ana tatizo la haiba aina ya bodalaini (borderline), yaani hisia na mahusiano yake hubadilika ghafla. Leo wewe ni malaika wake. Kesho ukichelewa kupokea simu, umeshakuwa adui. Anavaa mikono mirefu hata kwenye joto hili la Dar, kuficha makovu.

Vidonge vinamtuliza kidogo tu. Tiba yenyewe ni mazungumzo, hasa DBT, tiba inayomfundisha mtu kumudu hisia kali, aliyoibuni mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Marekani, kila wiki kwa karibu mwaka mzima. Lakini washauri watatu ameshawakimbia, akiguswa pabaya harudi. Mama naye anasema ni mashetani. Roho inaniuma.

Mliouguza mtu wa hivi, mlifanyaje akabaki kwenye tiba? Na mtaalamu wa DBT hapa Dar nitampata wapi?