Madume wakigombania jike: boti zisogee au zikae mbali?

Mwanzisha mada
Nyangumi wa nundu wameshaingia na kusi, kutoka maji ya barafu, na watakuwapo hadi Novemba hivi. Nasema boti za wageni zipigwe marufuku kufuata kundi linalogombania jike. Tumeshaona kwa pomboo wa Kizimkazi: boti zinawazingira, wageni wanarukia majini mbele yao. Au na hawa tuwafanyie hivyo hivyo?

Nahodha, Nungwi
Marufuku hapana, sheikh. Kundi lile lina mpango wake. Jike yuko mbele, dume anayemlinda yuko ubavuni mwake, wengine wako nyuma wanatafuta upenyo, pengine zaidi ya kumi. Wanaachia mapovu, wanavimbisha koo, wanapigana kwa vichwa na mikia mpaka utaona pezi la mgongoni limechubuka linatoka damu. Mnyama wa tani 25 mwenye hasira zake hana habari na boti yako. Wanaoweza kuumia ni sisi.

Ukifika mita 300 punguza hadi noti 6, kama kilomita 11 kwa saa. Ingia kwa ubavuni, nyuma kidogo, uende nao sambamba. Mita 100 ndio mwisho. Mgeni asiingie majini kabisa.

Mwanzisha mada
Noti 6? Wale wakikimbizana wanapita hapo bila taabu. Mgeni kalipa, kundi linatokomea, nahodha ataongeza moto awatangulie akawasubiri mbele. Sema kweli.

Nahodha, Nungwi
Hiyo ndiyo hila mbaya, na ipo. Ukiwakatia mbele, jike anaweza kuja kujificha chini ya boti, na madume yote nyuma yake. Ikikufika, weka nyutro panga zisizunguke, wageni wakae chini katikati, ngoja wapite. Mashine usiizime: boti iliyo kimya hawaitambui mapema, na upepo wa kusi unakusukuma juu yao huku huna la kufanya. Wakikuacha, waache. Kundi hugeuka geuka, mara nyingi utawaona tena.

Mtafiti wa bahari
Mkifunga mlango kabisa, na picha zinakwisha. Nyangumi hutambuliwa kwa michoro ya chini ya mkia. Kwa picha hizo dume mmoja aliyeonekana Kolombia mwaka 2013 na 2017 alikuja kutambuliwa Mkondo wa Zanzibar mwaka 2022, zaidi ya kilomita 13,000. Picha ya mkia inataka uwe nyuma yao, sio mbele, kwa hiyo anayewakatia njia hapati hata hicho.

Bi wa Pemba
Mbona hamjamtaja mtoto? Jike mwenye ndama naye hufuatwa na madume. Ndama huzaliwa na mita 4 hivi, na mama huku kwetu hali kitu karibu chochote. Maziwa yanatoka kwenye mafuta aliyokuja nayo. Kila mbio mnazomlazimisha zinakatwa humo. Mkiona mgongo mdogo ubavuni mwa jike, geuzeni boti, hata kama wageni ndio kwanza wametoa kamera.

Mwanzisha mada
Kwa hilo la ndama nakubali bila ubishi. Na boti ya pili ikifika?

Nahodha, Nungwi
Inasubiri nje ya mita 300, ya kwanza ikae nusu saa iondoke. Ili msigombane, pigianeni simu kabla ya kutoka Nungwi. Baharini kila mtu ana haraka.

Mwanzisha mada
Nusu saa nyingi. Dakika 15.