Mrejesho: dari ya jipsamu iliyopasuka, Ujiji

Wakuu, habari za leo. Mwezi wa tisa niliuliza kwa nini dari ya jipsamu ya sebule yangu hapa Ujiji imepasuka kwenye kila maungio ya bodi, na skimu (plasta laini ya mwisho) haina hata wiki mbili. Nimerudi kuwashukuru. Asanteni sana.

Aliyesema nipime nafasi kati ya mbao zinazoshika bodi ndiye aliyeliona tatizo. Ilikuwa sentimita 60, na bodi zangu za jipsamu zina unene wa milimita 9, kwa hiyo bodi zilibonyea. Tumeshusha bodi zote, tano tu zilifaa kurudishwa. Fundi mwingine amepanga mbao za inchi mbili kwa mbili kila sentimita 40, bodi zikakatizana nazo, maungio yakapishana kama matofali. Badala ya misumari tumefunga skrubu, kichwa kikizama kidogo bila kuchana karatasi. Hapo nilisimama mwenyewe nikiangalia, maana karatasi ikichanika skrubu haishiki kitu. Kisha kwenye maungio tepu ya wavu na plasta ya jipsamu, ikakauka, ndipo tukapiga skimu.

Sebule imepita mvua zote hizi bila ufa hata mmoja.

Korido ndiyo imenishinda. Mlinionya mbao zikauke kwanza, nikaharakisha kwa ajili ya wageni wa Krismasi, nikafunga mbichi. Zimesinyaa na ufa umerudi. Nimekwangua, nimeongeza skrubu na kuweka tepu mpya. Skimu yake nitaipiga kiangazi, mbao zikishatulia.