Pande nne sawa ila msingi umekaa mshazari, eneo ni lile lile?

Asalam alaykum, nipo Wete, fundi kapiga kamba za chumba kila upande mita 4 lakini naona zimekwenda mshazari, yeye anasema madam pande sawa basi mraba huo na eneo 16, kweli?

— Waalaykum salaam. Si kweli ndugu yangu, mraba unataka na kona zote ziwe digrii 90. Pima kona kwa kona njia zote mbili, zote zisome kama 5.66

— Na eneo linapungua, maana unazidisha upande kwa kimo cha wima, yaani umbali wa kwenda upande wa pili ukipimwa kwa digrii 90, nao hapo haufiki 4. Kona ikiwa digrii 60 unapata kama 13.86 tu, zaidi ya mita 2 za mraba zishakwenda!

— Asichimbe kwanza. Kwenye kona apime 3 huku, 4 kule, kamba ya mkato isome 5